Mgeni Asiyenena

Sikwenda kutafuta dini. Dini ninayo, alhamdulillahi, na nitakufa nayo. Nilikwenda kutafuta usingizi. Nalisema hili mapema kwa sababu nimechoka na watu ambao, nikiwahadithia kwamba niliwahi kukaa siku mbili katika nyumba ya Wabudha kule Mkomani, hunikodolea macho utadhani nimewaambia nilikula nguruwe.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini. Nilikuwa opereta wa simu katika kampuni moja ya majani ya chai, Changamwe. Kazi yangu ilikuwa kunena kutwa: halo, subiri nakuunganisha, halo, hayupo, halo. Na mdomo nilikuwa nao, wallahi. Wenzangu ofisini walisema siku nitakayokufa mdomo wangu utazikwa kesho yake, peke yake. Jioni nikirudi nyumbani namalizia kwa mume wangu. Alikuwa mtu wa bara, mpakizi wa mizigo kule uwanja wa ndege, Port Reitz, mpole mno, anaweza kukusikiliza saa mbili nzima huku anakuna kichwa tu.

Lakini aliyepokea maneno yangu mengi zaidi hakuwa yeye. Alikuwa mama yangu, na mama yangu hakuwepo. Alikuwa Kisauni, nyumbani kwetu, na huo ulikuwa mwaka wa sita hasemi nami.

Kisa chenyewe ni hiki. Baba alipofariki, mama alimpa ami yangu ahadi kwamba nitaolewa na mwanawe. Mahari yakapokelewa, watu wakaalikwa. Wiki tatu kabla ya harusi nikaondoka alfajiri na mkoba mmoja, nikaenda Changamwe kwa huyu mpakizi wangu. Alisilimu kwanza, kadhi akasimama mahali pa walii, tukaoana kwa halali. Sikuona nimekosa nini. Nilipokwenda kumpa mama mkono, alisimama mlangoni, akaapa mbele ya majirani: "Wallahi, wabillahi, watallahi, sineni nawe tena!" Akafunga mlango.

Mama hakuwa mtu wa kuapa ovyo. Nimekua naye sijapata kumsikia akiapa hata sokoni, mahali ambapo kila mtu huapa. Kwa hiyo nilijua kiapo kile si cha mchezo, ila nilidhani nitakishinda kwa maneno. Mimi kila kitu nilikishinda kwa maneno.

Nilikuwa nakwenda kila Idi, na katikati ya Idi na Idi. Naanza kunena tangu kwa jirani: "Hodi! Shikamoo mama, ni mimi, nimekuja, hebu nisikilize leo." Ukinisikia ungedhani wakili. Nampa habari za mume wangu, kwamba Ramadhani anafunga kuliko mimi, kwamba ameshahifadhi juzuu Amma yote, kwamba huyo mtoto wa ami alishaoa na ana watoto watatu, sasa hasira ya nini? Ndani kimya. Mlango umefungwa. Siku nyingine nasikia mwiko ukigonga sufuria, basi. Naacha mfuko wa sukari na majani ya chai kizingitini, narudi zangu. Hakuwahi kuurudisha, wala hakuwahi kusema ahsante.

Nilichokitamani hasa hakikuwa msamaha. Nilitamani sauti. Alikuwa akiniita nikiwa uani, jina langu analivuta mwishoni kidogo, nami naitika "Abee!", na kabla sijafika ameshasahau alichoniitia, tunacheka. Nilitamani hata anitukane. Nikitembea Changamwe nikasikia mama wa watu akimkaripia binti yake, nilisimama nikasikiliza, nikamwonea kijicho yule binti. Mimba mbili zilikuwa zimenitoka miaka ile, na jirani mmoja akaniambia bila haya kwamba mtoto hakai tumboni mwa mtu asiye na radhi ya mamake. Nilimjibu jibu ambalo sitaliandika hapa. Kisha nikaingia ndani nikalia.

Basi usingizi ukanihama. Nikilala chali naanza kumweleza mama, nikilala ubavu namweleza, mpaka adhana ya alfajiri bado namweleza. Kazini nikawa nakosea. Mwonja chai wetu alikuwa mtu wa Sri Lanka, na mkewe alikuwa akimpigia simu kila siku saa nne. Wiki moja nilimkata mara tatu, na mara ya nne nikamuunganisha na stoo. Akaja mwenyewe. Nikajua leo kazi sina. Badala yake akanitazama, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Dada, wewe umelala lini?"

Nikamwambia. Kila kitu, si mnanijua. Ndipo akaniambia kwamba mama yake mdogo, mtawa wa Kibudha, yuko nyumbani kwake Mkomani kwa matembezi, na kwamba Ijumaa jioni watu kumi hivi watakuja kukaa naye hadi Jumapili, kujifunza kutafakari. Mgeni wa mambo hayo anakaribishwa. Ila watu hawasemi.

"Hawasemi nini?"

"Hawasemi kabisa."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka Jumapili mchana."

Nilicheka mpaka machozi. Nilipomhadithia mume wangu nikitarajia naye acheke, aliniambia upesi kuliko ilivyo adabu: "Nenda, mke wangu. Wewe nenda. Mimi nitavumilia."

Ijumaa jioni nikafika Mkomani. Chumba kikubwa kilikuwa kimeondolewa viti vyote, kumetandikwa mikeka, na juu ya kila mkeka mto. Juu ya kigoda palikuwa na sanamu dogo na kikombe cha asumini, asumini zile zile tunazotunga sisi. Nilichagua mkeka wa pembeni ambapo nikikaa silielekei sanamu. Yule mwenye nyumba, Mungu amjazie, alikuwa amenitengea chumba cha stoo niswali, na kibla amekwisha kukiulizia kwa mlinzi wao. Sala zangu tano sikukosa hata moja. Nia yangu Mwenyezi Mungu anaijua.

Mtawa alikuwa mama mtu mzima, amenyoa kichwa, amejifunga nguo ya rangi ya udongo. Alisema maneno machache, mpwa wake, yule mwenye nyumba, akatafsiri. Kaa. Angalia pumzi inavyoingia puani na inavyotoka. Akili ikienda zake, irudishe. Akagonga kikengele. Nikangoja aendelee. Kumbe amemaliza! Nikasema moyoni, kwa haya nimepanda gari mbili?

Pumzi ya kwanza niliiona. Ya pili niliiona. Ya tatu nilikuwa nimeshafika Kisauni, nimesimama mlangoni, namweleza mama. Nikajirudisha. Nikaenda tena. Magoti yakaanza kuwaka moto. Nje kunguru wanagombana, na mimi nawaonea wivu kwa kuwa wao wanaruhusiwa. Asubuhi ya Jumamosi, katikati ya kimya, mtawa alipita nyuma yangu akanigusa bega ninyooshe mgongo. Nami nikaitika kwa sauti yangu ya ofisini: "Abee!" Mzungu mmoja aliyekuwa mbele yangu aliruka kwenye mto wake. Nilitamani ardhi inimeze.

La kunena ni moja, la salamu lilinitesa zaidi. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kihindi, umri wa nyanya yangu. Tulikutana kwenye bomba, ukumbini, mlangoni mwa choo, na kila tukikutana napita bila shikamoo, kama mtu asiyelelewa. Niliishia kumwinamia kila nimwonapo, mpaka naye akawa ananiinamia, tukawa tunainamiana kutwa kama mijusi.

Jumamosi alasiri mtawa akatufundisha jambo jingine. Jitakie kheri wewe mwenyewe, kisha mtu umpendaye, kisha mtu ambaye kati yako na yeye pana fundo. Nikaona ni ubinafsi mtu kuanza na nafsi yake, kisha nikakumbuka hata dua yetu huanza hivyo, Mola nisamehe mimi na wazazi wangu wawili. Nikaanza. Nilipofika kwa umpendaye nikamweka mama. Nilipofika kwenye fundo nikamweka mama vile vile. Nikasema moyoni, "Mama, uwe na amani," na kabla sijavuta pumzi nikaongeza, "lakini lazima ujue kwamba mimi..." Basi nikawa nimeanza tena.

Jioni ile kila mmoja aliruhusiwa dakika tano za kusema na mtawa faraghani, mpwa wake akitafsiri. Nilimaliza zangu na za aliyenifuata. Ahadi, mahari, kiapo, sukari kizingitini, mimba, yote. Mtawa akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Wewe ulipokuwa ukinena pale mlangoni, yeye alikuwa akifanya nini?"

"Nani?"

"Mama yako."

Miaka sita nimesimama mlangoni pale, na sikujua kama mwenzangu huko ndani amekaa au amesimama, analia au anapika. Nilingoja mtawa aniambie la maana. Akagonga kikengele chake, akasema rudi kwenye pumzi. Nilitoka nimekasirika. Pumzi gani tena, mama wee!

Nilikasirika hadi Jumapili asubuhi. Saa mbili tulitolewa uani kutembea. Huko nako si kutembea kwa watu. Unainua mguu unajua umeinua, unaukanyaga unajua umekanyaga. Nikaenda hadi ukutani, nikageuka, nikaenda hadi langoni. Lango lilikuwa wazi, muuza maziwa alikuwa ndio kwanza ametoka. Sikupanga, naapa. Mguu uliinuka ukakanyaga nje, na wa pili ukaufuata.

Kutoka Mkomani hadi kwetu Kisauni, ukipitia Kongowea, ni mwendo wa saa nzima, na mimi sikuwa na haraka. Watu walinisalimu njiani nikawainulia mkono tu. Nyuma yangu mtu akasema, "Huyu naye ana kibri!" Siku nyingine ningerudi nikampa yake. Kila neno la kumwambia mama liliponijia, niliangalia mguu. Likija jingine, mguu. Nilipofika kwenye kichochoro chetu sikuwa na neno hata moja; sijapata kufika pale mikono mitupu namna ile.

Mlango ulikuwa wazi. Hilo lilinishtua, maana tangu kiapo kile sikuwahi kuukuta wazi. Mama alikuwa amekaa ukumbini juu ya mkeka, uteo mapajani, anachagua mchele. Lakini hakuutazama. Uso ameuinua, na vidole ndivyo vilivyokuwa vikitafuta mawe. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, meupe. Alikuwa amekonda. Hakuna mtu aliyeniambia, na mimi, pamoja na mdomo wangu wote, sikuwahi kumwuliza mtu.

"Ni nani?" akasema.

Nikafungua kinywa, sauti haikutoka. Sijui ni mazoea ya zile siku mbili au ni woga, maana nilijua nikitamka neno moja tu atainuka afunge mlango. Na sauti yake nilikuwa nimeisikia. Maneno mawili tu.

"Ni nani? Mbona huneni?"

Nikasimama pale pale. Mama akatega sikio. Vidole vikatulia juu ya mchele, vikakaa hivyo kwa muda, kisha vikaendelea.

"Haya. Ingia, mgeni. Mgeni hafukuzwi kwa kuwa haneni. Kaa kitako."

Nikavua viatu nikaingia. Nyumba ilinukia iliki na moshi, kama zamani. Mama akainuka, akapapasa ukuta mpaka jikoni, akarudi na sahani ya mahamri na mbaazi, akaenda tena akarudi na birika. Nilitaka kuinuka nimsaidie, akaninyooshea kiganja nikae. Akanimiminia chai, akaisukuma mbele yangu. Kopo la sukari lilikuwa pale pale ubavuni mwake, hakuligusa. Katika nyumba yetu nzima mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikinywa chai kavu, bila sukari, na watu wakinicheka. Nikaonja. Haikuwa na sukari hata chembe.

Hapo nikajua amenijua. Na nikajua pia kwamba hataki nimwambie.

"Kula," akasema. "Wala usinijibu. Mimi nazungumza tu, nimezoea kuzungumza peke yangu." Akauchukua tena uteo wake. "Mimi nina binti yangu, yuko Changamwe. Wewe humjui."

Nikakaza meno.

"Alinifedhehesha yule, nami nikaapa kwamba sineni naye. Niliapa kwa hasira, lakini kiapo ni kiapo, hakiulizi ulikuwa na hasira au huna. Basi huja. Huja sana, sitamsingizia. Lakini yule hafiki kimya! Huanza kunena tangu kwa jirani. 'Ni mimi, ni mimi.' Nami nikishamsikia naufunga mlango, maana akishasema ni yeye, nitajidai simjui vipi? Mungu hadanganywi. Kiapo kinanikaba hapa." Akajishika koo. "Basi nakaa chini, nauegemea mlango kwa ndani, namsikiliza hadi amalize. Kuna siku alikuja ana mafua, sauti imemkauka. Siku ile nilishika komeo, mgeni. Nilishika komeo."

Nililia bila kutoa sauti, jambo ambalo sikujua ninaliweza.

"Nilikuwa nikiomba aje siku moja tu amenyamaza. Nipate kusema sikujua ni nani. Nimpe japo chai." Akatupa jiwe nje kwa kidole. "Haya, miaka imepita, na mimi macho ndiyo haya. Nikaona, nikifa na kiapo hiki je? Nikamwendea mwalimu wa chuo cha Kurani. Akaniambia, kiapo cha kumkata mwana hakina kheri, kivunje, toa kafara, lisha masikini kumi. Kumi! Mimi mjane, nitapika sufuria gani? Nikamwambia nitalisha mmoja mmoja. Kila Ijumaa wakitoka msikitini hukaribisha mmoja, hula, huenda zake. Tisa wamekwisha kula."

Tisa. Ijumaa tisa ni karibu miezi miwili. Katika miezi hiyo mimi nilikuwa nimefika pale mlangoni mara mbili, nikahubiri, nikaacha sukari, nikarudi Changamwe nikimwambia mume wangu kwamba mama ana moyo wa jiwe.

"Ijumaa hii yuwaja wa kumi, bibi mmoja mkiwa wa Utange," akasema. "Basi ukimwona binti yangu huko uendako, mwambie aje Jumamosi."

Nikainuka. Nikapiga magoti mbele yake nikauchukua mkono wake, nikaubusu, nao ulikuwa na vumbi la mchele. Hakuuvuta. Alinishika vidole, akavipapasa kimoja kimoja, polepole, mpaka cha mwisho, kisha akaniachia.

Nilikuwa nimefika kizingitini niliposikia ananiita, ila si kwa jina.

"Mgeni!"

Nikageuka. Uso wake ulikuwa umeelekea mlangoni, pembeni kidogo ya mahali niliposimama.

"Mwambie asije kimya kama wewe. Aje akinena, tangu huko kwa jirani. Uso wake mimi siuoni tena."